Cheche za Mashine ya Oiva

Jumamosi, 1 Juni 1991

Mimi ni mke wa Jarmo. Naanza na sentensi hii kwa sababu tangu Jumamosi iliyopita sijachoka kuisema, na hapa kisiwani hakuna wa kumwambia isipokuwa ndege. Tumekuja kukaa majira yote ya joto. Misonobari, nyumba ya magogo yenye chumba kimoja, sauna ya moshi, kibanda cha kuogea mvuke, kando ya maji, na mume wangu. Ningeomba nini zaidi?

Ningeomba mashine ya boti inayofanya kazi.

Kule gatini kijijini iliwaka kwa mvuto mmoja, ikanguruma vizuri mpaka Jiwe la Shakwe, katikati kabisa ya ziwa. Hapo ikakohoa na kufa. Jarmo akavuta ugwe wa kuiwashia hadi jasho likamtoka. Kimya. Akavua shati, akashika makasia, nami nikakaa nyuma nikimtazama mabega. Nakiri safari ile sikuona urefu wake.

Mashine ni ya marehemu baba mkwe, Oiva. Aliinunua mwaka aliomwoa Mama Lempi, akamvusha nayo kuja hapa hapa, bibi harusi kama mimi. Kwa hiyo wiki iliyopita, kwenye kahawa ya harusi yetu, mama mkwe alipogonga kikombe na kusema neno lake, nililia kwa kupendezwa. Alisema amezeeka na kisiwa kipate mwenyewe. Jarmo ndiye aliyeachiwa mashine. Akimvusha mama yake nayo siku ya kamba, kisiwa ni chetu. Siku ya kamba ni tarehe 21 Julai, ndipo uvuvi wa kamba wa ziwani, wale wenye magamba na makucha, unapofunguliwa, na ukoo mzima hula pamoja hapa. Jarmo akishindwa, kisiwa kinakwenda kwa dada yake, Marjatta, na mumewe, Raimo. Raimo ameshachora vibanda vya kupangisha watalii. Katika mchoro wake hakuna hata msonobari mmoja.

Jumapili, 2 Juni

Samaki wa kukausha kwa moshi, viazi vipya, bizari. Amenibeba kuvuka kizingiti tena, eti jana hakunibeba vizuri.

Jumanne, 4 Juni

Jarmo ameifunga mashine kwenye meza ya bandani, akatoa plagi, akaibana kwenye chuma cha mashine, akaniambia nitazame wakati anavuta. Cheche ikaruka, nene, ya bluu. Akafurahi, akaniita fundi wake. Plagi hata hivyo akaweka mpya.

Tukaingia majini. Jiwe la Shakwe. Ikafa.

Ijumaa, 7 Juni

Imekufa pale pale. Tulipofika nyumbani niliipiga teke. Kidole cha mguu kimevimba na Jarmo amekifunga kwa upole kiasi kwamba nilitamani kupiga teke la pili.

Jumapili, 9 Juni

Leo ni zamu ya platini. Ni vipande viwili vidogo vya chuma chini ya lile gurudumu zito la juu. Vinagusana na kuachana, na vinapoachana ndipo cheche inapozaliwa. Jarmo alinieleza hayo akiwa na mafuta puani, nami nikafikiri hakuna mwanamke duniani aliyewahi kuelezwa jambo kwa sauti nzuri hivi. Alivisugua, akavipangusa kwa karatasi safi isibaki hata vumbi, akapima mwanya wake kwa bamba jembamba kuliko ukucha.

Katika kopo la misumari alikuta koili nyingine, kile kidude kinachoipa plagi umeme, nyeusi, nzito kama yai la bata. Akasema ni mbovu. Baba yake aliitoa na kufunga mpya kiangazi chake cha mwisho. Akataka kuitupa. Nimeichukua. Upepo unapeperusha kitambaa changu cha meza cha harusi kila tukinywa kahawa nje, na sasa kina kitu cha kukikandamiza.

Majini, baada ya platini: Jiwe la Shakwe.

Jumamosi, 15 Juni

Jarmo anapiga makasia kwenda kwenye kiwanda cha mbao alfajiri na kupiga makasia kurudi jioni. Anakula akiwa amefumba macho. Viganja vyake vimechubuka, navipaka mafuta na kuvibusu na kuilaani mashine, kwa mpangilio huo.

Leo alimleta Mama Lempi kwa sauna ya Jumamosi, kwa makasia. Raimo akawapita na boti yake nyeupe, mawimbi yakamlowesha mama mkwe magoti. Alifunga gatini kwetu, akatazama mashine ikining'inia nyuma ya boti yetu.

"Shemeji," akaniambia, "hiyo si mashine. Hiyo ni nanga yenye ugwe."

Alicheka peke yake. Mama Lempi alikuwa anafuma soksi na hakuinua macho. Nilimwandalia Raimo kahawa. Niliichemsha mara mbili makusudi iwe chungu, naye akaisifu. Hata hilo limeniudhi.

Jumatano, 19 Juni

Nilimwambia Jarmo tumpelekee fundi wa kijijini mashine. Akasema baba yake hakuwahi kumlipa mtu kuigusa. Nikasema baba yake hakuwahi kuvuka na mimi ndani ya boti. Hakucheka.

Jumamosi, 22 Juni, Sikukuu ya katikati ya kiangazi

Sijui nianzie wapi. Nimevunja ncha ya penseli nikiandika tarehe.

Kijiji kizima huwa ufukweni siku hii, moto mkubwa, watu wamevaa vizuri, na usiku hauingii. Jarmo alibadilisha kondensa, kikopo kidogo kando ya platini, juzi, akajaribu karibu na nyumba, ikaenda vizuri. Akaamua ampeleke mama yake, aliyelala kwetu jana, kwenye moto kwa mashine, mbele ya watu wote, kama baba yake alivyokuwa akifanya. Mimi nilivaa gauni langu la bluu. Nilimwambia anapendeza kama mfalme. Alipendeza kweli.

Kwenye Jiwe la Shakwe ikakohoa. Nikasema moyoni, tafadhali, mara moja tu. Ikafa. Jarmo akavuta, akavuta. Pale ufukweni watu waliacha kuimba. Makasia hatukuwa nayo. Aliyaacha gatini makusudi, ili kuonyesha imani. Nilikuwa nimeyaona yameegemea ukuta, nikaona ni jambo la kimapenzi.

Raimo alikuja kutuvuta. Alikuja polepole, amesimama, soseji mkononi. Alitufunga kamba kama ng'ombe, akatuingiza ufukweni mbele ya mchungaji wa kanisa na wafanyakazi wote wa kiwanda. Mama Lempi alikaa wima, mkoba magotini, kama mtu aliye ndani ya teksi. Mtu mmoja alimuuliza kama safari ilikuwa nzuri, akajibu kwamba maji yalikuwa tulivu.

Tuliporudi nyumbani, safari hii kwa makasia ya kuazima, nilimuuliza Jarmo kitu ambacho sasa naona hata mtoto angeuliza. Amebadilisha plagi, amesugua platini, amebadilisha kondensa. Imebaki koili. Kwa nini haigusi?

"Koili ni mpya," akasema.

"Mpya inaweza kuwa mbovu."

"Baba aliifunga kwa mikono yake."

"Na mimi nimetuona tukivutwa na Raimo, kwa macho yangu."

Akainuka, akaenda kulala bandani na mashine yake. Ndoa yangu haijamaliza mwezi na mume wangu amelala na mashine.

Jumatatu, 24 Juni

Mvua.

Jumanne, 25 Juni

Mvua. Hatusemezani, isipokuwa kuhusu chumvi.

Ijumaa, 28 Juni

Mvua. Amebadilisha waya wa plagi. Bandani cheche ni nzuri mno. Bandani kila kitu daima ni kizuri mno. Ikiwa baridi inacheza, ikipata moto majini inakufa, na hatuwezi kuona inakufaje, kwa sababu ikifika pale tayari tunayumba ziwani na jua machoni.

Aliniletea maua ya mwituni yaliyolowa. Nimeyaweka kwenye chupa. Nampenda hadi meno yananiuma, na nina hasira naye hadi meno yananiuma. Ni meno yale yale.

Jumamosi, 6 Julai

Raimo amekuja na mtu wa vipimo. Wamepigilia vigingi vyekundu kati ya misonobari, "kujiandaa tu, shemeji, kujiandaa tu." Kimoja kiko mahali Jarmo aliponichumbia. Walipoondoka niliving'oa vyote, nikawashia sauna.

Mama Lempi aliviona motoni. Alifuma.

Naanza kumchukia mwanamke huyu na soksi zake. Wiki zote hizi amekaa gatini, anamtazama mwanawe wa kiume akijichosha, na hata hajamwambia pole. Yeye ndiye aliyeweka sharti. Labda yeye ndiye anayelifurahia, sijui. Nilipolia kwenye harusi nilidhani ni zawadi. Ilikuwa mtego wenye maua.

Jumatano, 10 Julai

Jiwe la Shakwe.

Jumamosi, 13 Julai

Kuna vitu viwili ambavyo haviingii sauna, viatu na ugomvi. Nimelelewa hivyo kama kila mtu huku. Humo mtu hukaa kama yuko kanisani. Leo nimeingiza ugomvi.

Wanawake huingia kwanza. Sauna yetu haina bomba la moshi, kuta ni nyeusi tititi kwa masizi, na tundu moja la hewa huzibwa kwa ubao. Ukifunga mlango huoni mkono wako, hata kama nje ni kweupe. Nilimsikia tu Mama Lempi akipumua pembeni yangu, na nje Jarmo akipasua kuni kwa nguvu za mtu aliyekwisha kushindwa. Kila shoka lilipotua, hasira ilinipanda daraja moja.

"Mama," nikasema, "umeishi na mashine ile tangu ulipoolewa. Unajua inaumwa nini."

Akamwaga maji juu ya mawe ya moto. Mvuke ukatupiga.

"Humu hatugombani, mwanangu."

"Basi nitoe nje. Lakini nikitoka nitasema kwa sauti zaidi, naye atasikia."

Akamwaga maji mara ya pili. Kisha akasimulia, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba. Kiangazi kile cha mwisho Oiva alikuwa haoni vizuri na mikono ilikuwa inatetemeka. Mashine ilimgomea, na kosa lilikuwa plagi iliyolowa tu, lakini yeye akaishutumu koili. Akanunua nyingine. Mama Lempi alimshikia taa. Oiva akakaza skrubu, akaikaza tena, na Mama Lempi akasikia kitu kikipasuka ndani. Oiva hakusikia. Kesho yake mashine ilipokufa njiani, alisema anataka mazoezi, akapiga makasia hadi vuli. Alikufa majira ya baridi akiamini koili aliyomwachia mwanawe ni nzima.

"Nimwambie Jarmo kwamba kazi ya mwisho ya baba yake ilikuwa kuharibu?" akaniuliza.

"Na kisiwa je? Na sharti lako?"

"Nilijua atagusa koili siku ya kwanza. Mtu yeyote huanza na kitu kilichofungwa mwisho." Akarudisha kata ndooni. "Sikujua anampenda baba yake kiasi hiki."

Nilikaa pale gizani, hasira yangu yote mkononi, bila mtu wa kumrushia.

"Usimwambie," akasema. "Aone mwenyewe. Ilete mashine humu. Humu kuna joto, na kuna giza."

Jarmo alikataa. Alisimama mlangoni na shoka, akasema mashine haiingii sauna, humu alizaliwa baba, na humu tulimwosha alipokufa. Mama Lempi alikuwa amekaa nje kwenye benchi na taulo lake, akipunga upepo.

"Ndiyo maana," akamwambia. "Ilete."

Tulimwaga petroli yote mbali, tukaifuta mashine kama mtoto, tukaibana kwenye ukingo wa jukwaa la juu la kukalia. Mlango tukafunga, tundu tukaziba. Mwanzoni nikibana plagi kwenye chuma cheche iliruka kama kawaida. Tukakaa. Mashine ikapata joto, sisi tukapata joto. Jarmo akavuta. Cheche ya plagi ikawa ya manjano, nyembamba. Akavuta tena. Plagini hapakutokea kitu.

Lakini kwenye gurudumu la juu kuna kidirisha cha kurekebishia platini, na humo ndani tukaiona. Uzi wa bluu, mdogo, ukitambaa kutoka ubavuni mwa koili kwenda kwenye chuma, pale pale kwenye skrubu. Kila alipovuta, ukatambaa. Cheche haikuwa imekufa hata siku moja. Ilikuwa inatorokea kwenye ufa.

Alikuwa ameshaona. Aliendelea kuvuta. Alivuta muda mrefu baada ya kuona, na mimi sikumzuia.

Alipofungua mlango uso wake ulikuwa mweusi kwa masizi, na mistari miwili safi imeshuka hadi kidevuni. Huenda ni jasho.

"Skrubu imekazwa mno," akasema. Ni hayo tu. Akapita mbele ya mama yake, akaingia ziwani na suruali yake.

Jumapili, 14 Julai

Jarmo ametoka na boti peke yake, kwa makasia. Nimechoma mkate ukaungua. Nina hasira na marehemu mzee nisiyewahi kumwona, kisha nina hasira na nafsi yangu kwa hilo.

Baadaye: Amerudi. Alikuja moja kwa moja mezani nilipokuwa namimina kahawa, akatazama kitambaa cha harusi, akainua ile koili ya zamani, akaigeuzageuza.

"Hii unaitumia?"

Nikamwambia ni ya kukandamizia kitambaa, lakini mume wangu naweza kumwazima. Akacheka. Nilikuwa nimesahau jinsi meno yake yalivyo mazuri. Akaenda bandani. Akaifunga, skrubu akaikaza kwa vidole viwili tu, kama anamfunga mtu kifungo.

Jumanne, 16 Julai

Tumepita Jiwe la Shakwe. Tukalizunguka. Tukalizunguka tena. Shakwe walituchoka. Alizima katikati ya ziwa, mashine ikiwa ya moto, akanipa ugwe mimi. Nilivuta. Iliwaka.

Jumapili, 21 Julai

Alimvusha. Mama Lempi alivaa gauni la kijivu na kitambaa kichwani, akakaa mbele, uso kwenye upepo. Nilikuwa nimekaa nyuma yake na sikumwona macho. Kwenye Jiwe la Shakwe aliinua mkono kidogo, kama anamsalimu mtu, akaushusha. Mashine haikukohoa.

Raimo alikuwa gatini kwetu na ukoo wote. Lazima nikiri alipokea kamba ya boti mwenyewe, akaifunga vizuri. Kisha sinia la kamba wekundu likaja, bizari, mkate, glasi ndogo. Mama Lempi aligonga kikombe, akasema kisiwa ni cha Jarmo na Kaisu. Kaisu ni mimi. Nilimbusu mume wangu mbele ya wazee na sijutii.

Ndipo Raimo akaegemea meza.

"Haya, shemeji yangu, tuambie. Majira yote haya, ugonjwa ulikuwa nini?"

Nilimtazama Jarmo. Alikuwa anamenya kamba, hana haraka.

"Plagi," akasema.

"Plagi?"

"Plagi tu."

Raimo alipiga meza hadi glasi zikaruka. Alicheka, Marjatta akacheka, wajomba wakacheka. Kiangazi kizima, plagi! Akasema kazini kesho hatasimulia kingine. Akasema mtoto wake wa miaka sita anajua kubadilisha plagi. Akauliza kama Jarmo anahitaji msaada kufunga viatu. Iliendelea hivyo jioni nzima, kila glasi na mzaha wake mpya, na damu yangu ilikuwa inachemka masikioni. Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo mdomoni, zima, kali, la kumnyamazisha Raimo hadi majira ya baridi. Nilifungua kinywa.

Mama Lempi alikuwa ananitazama. Hakutikisa kichwa, hakukonyeza. Alimaliza kumenya kamba wake, akatoa ule mkia mweupe, mnono, akanyoosha mkono juu ya sinia na kuuweka kwenye sahani ya mwanawe. Jarmo hakuinua macho. Aliula.

Nikafunga kinywa. Nikamwongezea Raimo kahawa.

Jumatatu, 22 Julai

Nimefua kitambaa cha harusi. Madoa ya kamba hayajatoka yote. Upepo ni mkali leo, kwa hiyo nimekikandamiza kwa ile koili nyingine, yenye ufa. Nimeugeuzia ufa chini, usionekane na mgeni.